Televisheni ya Mtu Mmoja

Si zamani sana mfanyabiashara mmoja alikuja kwenye mkutano wa wazazi katika shule moja iliyo karibu na mji wa Kitale, nami nilikuwa miongoni mwa waliokaa kumsikiliza. Alikuwa amevaa nadhifu, alisema kwa adabu, na kwapani alichukua kioo cha ukubwa wa kitabu cha ramani. Alituambia ya kuwa kioo kile ni mtoto tu wa televisheni kubwa zinazokuja. Ya kuwa ndani yake picha hailali bapa kama kivuli ukutani, bali ina kina, huchomoza mbele na kurudi nyuma, wala mtazamaji hahitaji kuvaa miwani. Akatuonyesha moyo wa mwanadamu ukipiga hewani. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: kwamba shule isiyo na chombo hicho itakuwa shule ya gizani, na kwamba mzazi atakayekataa kutoa mchango wake atakuwa amemfungia mwanawe mlango wa dunia.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa akimlea mjukuu wake, aliinua mkono. "Mwanangu," alisema, "darasa la mjukuu wangu lina watoto hamsini na watatu. Je, wote watauona huo moyo kwa pamoja?"

Mgeni alitabasamu. "La, mama. Watauona kwa zamu."

"Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja, mama, yule aliyekaa sawasawa mbele ya kioo."

Yule mama akaketi, wala hakuuliza tena. Wazazi wengine walicheka, na mkutano ukaendelea na mambo ya vyoo na unga wa chakula cha mchana. Mimi sikucheka. Niliona ya kuwa swali lake lilikuwa limekwisha kata kesi, na sisi tuliobaki hatukujua kama imekatwa. Naiandika insha hii niieleze hukumu ile kwa vijana ambao hawakuwapo, maana wafanyabiashara wa namna ile hawatakoma kuja.

Kabla ya kukishitaki chombo, yatupasa tukifahamu. Ni aibu kugombana na kitu usichokijua. Mwanadamu ana macho mawili, na baina ya mboni ya jicho moja na mboni ya pili pana nafasi ya sentimita sita na kitu. Kwa hiyo kila jicho huutazama ulimwengu kutoka katika dirisha lake. Simama uwanjani Kitale asubuhi isiyo na mawingu, inua kidole chako kuelekea Mlima Elgon, ukitazame kwa jicho la kulia peke yake, kisha kwa la kushoto peke yake. Kidole kitaruka huku na huku, mlima hautatikisika. Tofauti hiyo ya picha mbili ndiyo akili huigeuza kuwa kina: kinachoruka sana ki karibu, kisichoruka ki mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilithibitisha jambo hili mwaka 1838 kwa vioo viwili na michoro miwili iliyopishana kidogo. Mtazamaji aliyepewa mchoro wa kulia kwa jicho la kulia, na wa kushoto kwa jicho la kushoto, aliona umbo limesimama hewani, na hali mbele yake hapakuwa na kitu ila karatasi.

Kazi yote iliyofuata tangu siku hiyo ni kazi ya ubawabu. Lazima pawepo bawabu wa kuzuia picha ya kulia isiingie jicho la kushoto, na ya kushoto isiingie jicho la kulia. Miwani ya sinema ni bawabu aliyekaa puani. Televisheni isiyo na miwani haikumfukuza bawabu huyu; ilimhamisha tu kutoka puani ikamweka juu ya kioo.

Jinsi anavyofanya kazi huko, mtu wa nchi yetu hana haja ya kuambiwa na mgeni. Mwenye kusafiri kwa matatu kutoka Kitale kupitia Kiminini na Webuye hata Bungoma, wakati mahindi yamefika kifuani, amekwisha kuiona kanuni hii dirishani mwa gari. Gari likifika mahali fulani, jicho hupenya katikati ya mistari miwili ya mahindi hata mwisho wa shamba; likisogea kidogo, mabua huziba njia, na jicho haliioni tena ile nafasi. Kama wewe na rafiki yako mngesimama bega kwa bega kando ya shamba, wewe ungeweza kuona mbuzi aliyefungwa upande wa pili, naye asione ila mabua. Basi weka mbele ya picha kizuizi chenye mianya myembamba mfano wa mistari ile ya mahindi, na badala ya watu wawili weka macho mawili ya mtu mmoja. Jicho moja litapenya mwanya na kukuta vipande vya picha hii, na la pili litapenya mwanya ule ule na kukuta vipande vya picha ile. Njia nyingine ni kutandaza juu ya picha lenzi ndefu nyembamba, zimelala sambamba kama matuta ya viazi vitamu, kila tuta likipeleka nuru ya nukta hii upande huu na ya nukta ile upande ule. Wengi wenu mmewahi kuishika mkononi bila kujua: ile rula ya plastiki yenye simba anayefungua na kufumba kinywa ukiigeuza, au ile picha ya sokoni ambayo macho yake hukufuata ukipita.

Kwa hiyo neno la kwanza la uongo katika maneno ya yule mfanyabiashara lilikuwa neno "jipya". Mmarekani Frederic Ives alipata hati ya uvumbuzi wa picha za mianya mwaka 1903. Mfaransa Gabriel Lippmann alieleza mwaka 1908 namna ya kupiga picha ya kina kwa kundi la lenzi ndogo ndogo. John Logie Baird, ambaye ni mmoja wa baba za televisheni, alionyesha televisheni ya kina London mwaka 1928, na mwaka 1941 akaonyesha nyingine yenye rangi, isiyohitaji miwani. Mwaka huo huo wa 1941 mji wa Moscow ulikuwa na ukumbi wa sinema ya kina usiohitaji miwani, kazi ya Semyon Ivanov, ambamo kila mtazamaji alilazimika kutafuta mahali sawasawa pa kuweka kichwa chake. Sisi Kenya hatukuwa na televisheni ya aina yoyote hata ulipofika mwaka 1962. Jambo tunaloletewa kama la kesho lilikuwa limekwisha kujaribiwa kabla ya televisheni ya kwanza kuwashwa Nairobi.

Kitu kuwa cha kale si kosa. Jembe ni la kale. Lakini kitu kilichojaribiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na watu wenye akili na fedha nyingi, na bado hakijaingia nyumbani mwa watu, yafaa kiulizwe sababu. Wauzaji husema sababu ni ufundi ambao haujakamilika. Mimi nasema sababu ni hesabu, na hesabu haikamiliki zaidi ya ilivyo.

Chukueni kalamu. Kioo cha kawaida cha televisheni ya siku hizi kina safu 1,080 za nukta, kila safu nukta 1,920; jumla ni nukta 2,073,600. Ili watu wanaokaa mahali mbalimbali waone kina, chombo hakitoshelezwi na picha mbili tu. Hugawa nukta zake kwa picha nyingi, kila moja ikielekezwa upande wake. Televisheni ambazo Toshiba walizileta madukani Japani mwishoni mwa mwaka 2010, za inchi 12 na inchi 20, zilitumia picha 9. Sasa gawanyeni nukta zetu kwa 9: mnapata 230,400. Picha ya daraja la kawaida, ambayo tumeizoea tangu zamani, ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Kwa hiyo kioo cha nukta milioni mbili, kikifanywa cha kina bila miwani kwa picha 9, humpa kila mtazamaji picha hafifu kuliko ile tuliyoiacha nyuma. Mafundi wa Toshiba walilijua hilo, ndiyo maana walitumia kioo chenye nukta nyingi kupita kiasi. Nukta zile zote mnunuzi alizilipia. Kila jicho lake likaona fungu moja katika mafungu tisa.

Na huko ndiko kukaa mahali pazuri. Picha 9, zikiachana kwa nafasi ya macho ya mtu, hufanya njia yenye upana wa nusu mita na kidogo. Ndani ya njia hiyo mambo ni mazuri. Ukivuka mpaka wake, jicho la kulia hupata picha ya kushoto na la kushoto ya kulia. Kilicho mbele huenda nyuma, pua ya mtu ikawa shimo, na mtazamaji hushikwa na kisulisuli. Kisha njia nyingine huanza, na mpaka mwingine, na kuendelea. Sasa nenda Kanduyi, mjini Bungoma, jioni ya Jumamosi wakati timu za Uingereza zinacheza, uingie kibanda cha video. Mabao ya kukalia yamejaa. Wengine wamekaa chini miguuni mwa wenye mabao, wengine wamesimama nyuma, wawili wanachungulia mlangoni, na mtoto mmoja ametia kichwa katikati ya mbao za ukuta. Wote wanaona goli moja kwa wakati mmoja, na paa huinuka kwa sauti moja. Televisheni bapa, tunayoambiwa tuione ya kishamba, huwatendea haki wote hao: aliye katikati na aliye pembeni, mwenye kiti na asiye nacho. Televisheni ya kina ingekipasua kibanda kile vipande vipande, huyu ndani ya njia, yule mpakani, kama ukoo uliogombania shamba.

Hapa ndipo swali la yule mama lilipokuwa na uzito wake. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, nyumba 40.7 tu katika kila 100 nchini Kenya zilikuwa na televisheni inayofanya kazi. Maana yake ni kwamba watu wa nyumba nyingi, wakitaka kuitazama, huitazama kwa jirani. Nakumbuka utotoni mwangu tulivyokuwa tukienda kwa jirani mmoja aliyekuwa na televisheni ndogo, nyeusi na nyeupe, iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Betri ikizimika katikati ya hadithi, tulirudi nyumbani gizani tukiimalizia wenyewe, kila mtu kwa mwisho wake. Hatukulalamika ya kuwa picha haina kina. Tulilalamika ya kuwa betri imekwisha. Na hesabu ile ile ya 2019 ilionyesha ya kuwa nusu tu ya nyumba za Kenya, 50.4 katika 100, zilipata mwanga wake kwa umeme wa nyaya, na 19.3 kwa umeme wa jua. Kizuizi cha mianya hula nusu ya nuru ya kioo au zaidi, na nuru iliyoliwa lazima ilipwe kwa umeme mwingine. Mwenye kibamba cha umeme wa jua juu ya paa lake la mabati kule Chwele anajua gharama ya neno "mwingine".

Mtasema: lakini mpira wa miguu ukiwa na kina si ungependeza zaidi? Rudini kwenye kidole na mlima. Macho mawili hutusaidia sana kwa vitu vya karibu: kutia uzi katika sindano, kumimina chai, kudaka mpira uliorushwa. Msaada huo hupungua upesi kadiri kitu kinavyokwenda mbali, na baada ya mita mia chache hauonekani kabisa. Mlima Elgon hatuujui kuwa mbali kwa sababu tuna macho mawili. Twaujua kwa samawati ya hewa iliyo baina yetu na mlima, na kwa vilima vilivyoziba miguu yake. Mtu mwenye jicho moja huendesha lori la miwa bila kulitia mtaroni. Picha bapa tayari ina ishara hizi zote: kikubwa na kidogo, mwanga na kivuli, kinachoziba na kinachozibwa, kinachosogea upesi na kinachosogea polepole. Mpiga picha wa mpira akitaka kulazimisha kina kutoka jukwaani, hulazimika kuziachanisha kamera zake mbili kuliko macho ya mtu yalivyoachana, na hapo wachezaji hugeuka wanasesere juu ya meza. Huo ndio uzuri tunaoambiwa tuuchangie.

Juu ya hayo, macho yenyewe huchoka. Katika dunia ya kweli jicho hukaza nuru pale pale macho mawili yanapokutana. Mbele ya kioo cha kina, lenzi ya jicho hukaza kwenye kioo, na macho yakaamriwa yakutane mbele yake au nyuma yake. Mtumwa wa mabwana wawili hupata maumivu ya kichwa.

Nina kinyongo kingine, cha zamani, na msomaji anisamehe nikikitoa hapa. Mwaka 1952 ilitoka Marekani sinema ya kina ya rangi, iliyotazamwa kwa miwani, kwa jina Bwana Devil. Iliongozwa na Arch Oboler, na ndiyo iliyoanzisha homa ya sinema za kina za miaka hiyo. Hadithi yake ilikuwa nini? Ilikuwa hadithi yetu: simba wawili wa Tsavo, waliowala wafanyakazi wa reli mwaka 1898, reli ile ile ambayo tawi lake lilifika Kitale mwaka 1926. Na nchi ya Tsavo iliyoonekana mle ilipigwa picha sehemu kubwa California. Watu walilipa wapate kumwona simba wa Kenya akiwarukia usoni, katika pori ambalo si la Kenya. Nao simba wenyewe, ngozi na mafuvu, wako Chicago katika jumba la makumbusho. Homa ile ilidumu miaka michache tu. Kabla ya mwaka 1955 kwisha ilikuwa imepoa. Walioitazama walipata simba wa kuwarukia, hawakupata hadithi ya kukaa nayo. Nalikumbuka hilo kila nisikiapo mtu akisema ya kuwa picha ikichomoza kutoka kiooni, basi imekaribia ukweli.

Homa ilirudi baada ya sinema ya Avatar ya mwaka 2009. Mwaka 2010 televisheni za kina za miwani zilijaa madukani ulimwenguni. Nduguye rafiki yangu alinunua moja kwa fedha ya mavuno ya mahindi. Miwani yake ilikuja miwili, na nyumba ilikuwa na watu saba. Mmoja ulikaliwa wiki ya pili, wa pili ukafichwa kabatini usivunjike, na ukafichwa vizuri hata leo haujaonekana. Huko ng'ambo, kituo cha kina cha ESPN kilichofunguliwa Marekani mwaka 2010 kilifungwa mwaka 2013, na mwaka huo huo BBC ikasimamisha vipindi vyake vya kina. Samsung waliacha kuzitengeneza televisheni hizo mwaka 2016, LG na Sony wakafuata mwaka 2017. Na chombo cha michezo cha Nintendo 3DS cha mwaka 2011, kilichoonyesha kina bila miwani kwa kizuizi cha mianya, kiliuzwa kwa mamilioni. Lakini tazameni kilivyoundwa. Ubavuni kiliwekewa kitufe cha kupunguza kina hata kikaisha kabisa, na mwaka 2013 wenye kampuni wenyewe walitoa nduguye wa bei nafuu, 2DS, asiye na kina kabisa, na michezo ikachezwa kama kawaida. Muuzaji anapouza kitu pamoja na kitufe cha kukizima, amekwisha sema mawazo yake.

Yule mfanyabiashara hakuwa mjinga, naye alikuwa na jibu. Alisema vyombo vya sasa vina kamera inayoyafuata macho ya mtazamaji, na kizuizi au lenzi hurekebishwa kila anaposogea, ili asitoke katika njia yake. Ni kweli. Sony walitoa kioo cha namna hiyo mwaka 2020, cha inchi 15.6, na Samsung wakatoa cha inchi 27 kwa wacheza michezo mwaka 2025. Picha yake ni safi, na nukta hazigawanywi ila kwa macho mawili. Lakini macho mawili ya nani? Ya mtu mmoja. Ufundi ulipokamilika, ulikamilika kwa kumtoa kila mtu mwingine chumbani. Na kama tungetaka chombo cha kutumikia kibanda kizima cha Kanduyi, chenye upana wa mita sita, pangehitajika picha mpya kwa kila sentimita sita, yaani picha 100. Na kila picha ikiwa na nukta milioni mbili, kioo kingekuwa na nukta milioni mia mbili, na mahali pengine pangehitajika kamera, au mashine ya kukisia, ya kuzijaza zote. Siku kitu hicho kitakapouzwa kwa bei ya ng'ombe wawili nitafute, nami nitaifuta insha hii.

Nakiri ya kuwa zipo kazi zinazomfaa mtu mmoja. Daktari anayepasua kwa kutazama kiooni, fundi anayechunguza umbo la chombo kabla hakijatengenezwa, msomaji wa picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani: hao hukaa peke yao mbele ya kioo, na kina kwao si pambo. Wapewe. Kosa si kukitengeneza chombo. Kosa ni kukitoa mezani pa daktari na kukiweka mbele ya wazazi wa watoto hamsini na watatu, na kuwaambia ya kuwa wasipokinunua watoto wao wamo gizani.

Tena moyo wenyewe! Katika bucha zetu, Kitale, Webuye na Bungoma, moyo wa ng'ombe hununuliwa kwa fedha ambayo darasa moja laweza kuichanga kwa sarafu. Ukiwekwa juu ya meza na kupasuliwa kwa wembe, una kina cha kweli, una vyumba vinne na milango yake, una harufu, na kidole huingia katika mshipa mkubwa. Watoto hamsini na watatu wauzunguke, na kila mmoja ataona upande wake ulivyo, bila njia, bila mpaka, bila zamu. Mashine ya picha zisizo na hesabu, ambayo mafundi wa dunia wanaitafuta tangu Lippmann, ndiyo hiyo imelala katika sinia.

Na ikiwa mwalimu anataka wanafunzi wajue siri ya televisheni isiyo na miwani, jambo ambalo mimi natamani sana, basi asichangishe mtu. Achukue karatasi ya grafu yenye miraba ya milimita mbili. Apake nguzo moja nyekundu, inayofuata samawati, tena nyekundu, tena samawati, mpaka upana wa sentimita sita, asizidi. Juu ya plastiki angavu achore mistari minene ya wino mweusi, akiacha kati yake mianya ya milimita moja, mwanya mmoja kila baada ya milimita nne. Aisimamishe plastiki mbele ya karatasi, mistari ikienda sambamba na nguzo, nafasi baina yao iwe sentimita mbili kamili. Mwanafunzi akae sentimita sitini na tatu mbali, afunge jicho moja na kusogea polepole hata rangi moja itawale. Kisha, bila kukitikisa kichwa, afumbue jicho lile na kufumba hili: rangi itabadilika. Akisogeza kichwa kwa upana wa vidole vitatu, rangi zitabadilishana macho. Na mwenzake aliyekaa kando yake, akichungulia kwa nguvu zake zote, huenda akaona mchanganyiko usio na maana. Atakuwa ameelewa kwa saa moja kanuni ya Ives, na swali la yule mama pia.

Mimi sina neno jingine na yule mfanyabiashara, ila mwaliko. Achukue televisheni yake bora kuliko zote, ailete Kanduyi Jumamosi yoyote ya mpira, aiweke mahali pa ile bapa, na atuuzie tiketi kwa bei anayoipenda. Nitakuja, nami nitalipa. Nitasimama mlangoni, nyuma ya yule mtoto aliyetia kichwa katikati ya mbao, na goli likifungwa tutamwambia tulichokiona.